Rangi za Maji Kandokando ya Mto Pangani

Vitabu vya sanaa ya rangi za maji, ambavyo vingi vyake vimetungwa na Waingereza, humwamuru mwanafunzi apake mbingu kwanza, kisha asubiri ikauke, ndipo atie miti na majumba. Na amri hiyo, ingawa huko kwao ni ya hekima, haikushauriana na pepo zetu. Kaskazi ikivuma baada ya adhuhuri, rangi hukauka kabla brashi haijavuka karatasi, mbingu ikatoka na mabaka. Na masika yakiingia, karatasi hukaa mbichi tangu asubuhi hata alasiri, mchoraji akabaki juu ya kigoda chake, mikono magotini, mfano wa mtu aliyepeleka posa akaambiwa angoje jibu.

Balaa zote huja katika kungoja huko. Rangi hizi asili yake ni unga laini uliochanganywa na ulimbo wa mgunga, na baadhi ya watengenezaji hutia na asali ili zisikauke zikapasuka, jambo ambalo wanunuzi wengi hawana habari nalo, bali sisimizi wa Pangani wanayo. Nilikuwa nimeelekea Bweni, ng'ambo ya mto, nikiisubiri mbingu yangu, walipopanda safu kwa safu wakaingia kisandukuni, wakaanza na ile ya manjano, kisha wakakata njia juu ya karatasi iliyolowa, wakaiongezea Bweni barabara ambayo serikali haijaijenga. Na ile mashua niliyoifanya kiini cha taswira, maji yalipojaa, ilitweka tanga ikaenda zake bila kuniaga.

Ikanibidi kuimaliza kwa kumbukumbu, na hapo ndipo aliposimama nyuma yangu mvuvi mmoja mtu mzima, pakacha mkononi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akatazama kitambo kirefu.

"Mwanangu, foromali umeifanya fupi kuliko mlingoti. Chombo hiki hakifiki Maziwe, seuze Pemba."

Nikaona heri nimgeuzie maneno, nikamwonyesha ile rangi ya kahawia, nikamweleza kwamba wachoraji wa Ulaya wa zamani waliipata katika wino wa dome.

"Dome huyu huyu?"

"Huyu huyu, mzee wangu."

"Nawe ukainunua dukani, ilhali mimi kila siku naimwaga baharini!"

Na kwa ukarimu ambao sikuwahi kuuzuia, kwa kuwa mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko ulimi wangu, akatoa dome pakachani, akamtumbua juu ya kisahani changu. Nusu ya wino ikaingia kisahanini, na nusu ya pili ikalifunika tanga, foromali, na barabara yote ya sisimizi. Dome mwenyewe nililipishwa bei kamili ya sokoni, nikahakikishiwa kwamba wino ni hidaya.