Mashine Iliyokula Usipa

Jumatano jioni, jumuiya ikisali sebuleni kwangu Isanga, Mbeya, mzee mwenyekiti alikatisha sala, akanusa, akauliza kwa upole: "Jamani, humu ndani kuna mgonjwa?" Viatu vilikuwa mlangoni, kwa hiyo kila mtu aliangalia miguu yake. Mama mmoja alificha soksi zake chini ya kitenge. Mimi nilikazia macho soksi za jirani, ingawa nilijua wazi kwamba harufu inatoka nyuma ya kochi, kwenye mashine ya kufyonza vumbi. Sala ilimalizika kwa mwendo ambao mbinguni hawajauzoea. Chai haikunywewa.

Mhusika anajulikana. Shemeji yangu wa Kyela alituletea usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, akaupika, akaumwaga na mchuzi wake juu ya zulia la manyoya, kisha kwa wema wa mgeni akawasha mashine ikafyonza vyote. Zulia likatakata. Tukampongeza.

Hapa lazima nieleze, maana nimekesha nimeifungua vipande vipande. Watu hudhani mashine hii inavuta vumbi. Vumbi haligusi. Ndani kuna mota inayozungusha feni. Feni inasukuma hewa itokee nyuma. Mgandamizo ndani unashuka, na hewa ya sebuleni inakimbilia humo kupitia mpira, imebeba kila kilicho chepesi. Njiani inakuta mfuko wenye vitundu vidogo mno: vumbi linabaki, hewa inapita. Na harufu? Harufu husafiri na hewa. Inapita mfukoni bila kuulizwa, inapashwa moto na mota, inatolewa nyuma ikiwa fresh. Usipa uliolowa ukishaozea humo, kila ukiwasha unalipia umeme wa luku ili samaki asambazwe chumba hadi chumba. Tena Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari. Hewa yetu ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko ya Dar es Salaam, hivyo feni ileile huku inafyonza kinyonge. Kwenye kunuka haikupungukiwa kitu.

Hubert Cecil Booth, mhandisi wa Kiingereza, alikuwa na akili zaidi. Mwaka 1901 aliweka leso mdomoni, akafyonza kiti cha hotelini kwa pumzi zake, akaona uchafu ulionasa kwenye leso, akajua njia ni hiyo. Mashine yake ilikokotwa na farasi, ikaegeshwa nje, mipira ikapitishwa dirishani. Harufu ilibaki barabarani na farasi. Aliyetuletea balaa sebuleni ni James Murray Spangler, mfagiaji wa duka huko Canton, Ohio, mgonjwa wa pumu, ambaye mwaka 1907 aliunganisha feni, mpini wa ufagio na foronya.

Ushauri haukukosekana. Magadi: tukapata usipa wenye magadi. Kahawa ya Mbozi: usipa na kahawa. Chujio nikalifua, baridi ya Juni ikakataa kulikausha, likaota ukungu. Mwisho niliipeleka kwa fundi: kwenye basi la Iringa, tulipofika Makambako abiria walikuwa wameshamhukumu mwenye kuku.

Fundi wa Mashine Tatu, Iringa, aliinusa kwa mbali. "Bosi, dawa ni moja. Tupa mfuko, weka mpya, na usiilishe kitu chenye majimaji."

Mfuko mpya! Hapo kicheko kinaniisha. Mashine hizi zinatufikia kwenye makontena, zimeshatumika Ulaya, na mfuko wake wa karatasi umebuniwa utupwe ukijaa. Kampuni nyingi zina mifuko yake, mara nyingi haiingiliani na ya mwenzake, kana kwamba ni makusudi, ili mteja asitoroke. Mteja wa huko anakamuliwa, lakini walau anauziwa. Sisi tunauziwa mdomo na shingo, tumbo tujitafutie. Mashine ikinuka, tunaambiwa Waafrika hatujui kutunza vitu.

Fundi cherehani amenishonea mfuko wa foronya, kama wa Spangler. Unapitisha vumbi kiasi, lakini haunuki. Kabla ya hapo nilirudi soko la Mwanjelwa kwa aliyeniuzia, nikamuuliza mifuko iko wapi. Akanitazama kwa huruma: "Kaka, mifuko si serikali ilishapiga marufuku tangu Juni 2019?"