Nani Atamwambia Mzee Akae Nyuma?

Kuendesha baiskeli kutoka Tanga hadi Korogwe si kazi. Ni kilomita mia moja hivi, lami mwanzo mwisho. Kazi ni kuwapangia safari hiyo watu waliovuka sitini, ambao kila mmoja wao, kabla ya kustaafu, alikuwa mkuu wa kitu. Klabu yetu ina mkuu wa shule, msimamizi wa stesheni, bwana stoo wa shamba la mkonge, muuguzi mkuu, na karani wa mahakama ambaye hadi leo ukimwamkia anakuuliza una shauri gani. Mimi nilikuwa fundi mitambo, sijapata kuwa na mtu chini yangu hata siku moja. Ndiyo maana wamenifanya katibu.

Siku yenyewe tu ya kuondoka ni ugomvi. Ijumaa haiwezekani, kuna swala. Jumapili kuna ibada. Inabaki Jumamosi, na Jumamosi ni ya harusi, na harusi ikikosekana kuna arobaini. Mkuu wa shule akapendekeza Jumatano, kwa hoja kwamba wastaafu hatuna kazi. Wastaafu wakampinga vikali: Jumatano ni kliniki ya presha. Tukarudi kwenye Jumamosi, kila mtu akaapa kwamba hana mtoto wa kuozesha.

Niliandika kwa herufi kubwa: tunakutana Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mitaa ya Ngamiani ina namba. Mtu akipotea pale amekusudia. Nusu walikuja. Nusu walisimama Barabara ya Ishirini, kwa kuwa huko nyuma tuliwahi kuanzia huko, na kila kundi likawa linalilaumu jingine kwa uchelewaji. Tuliondoka jua limeshapanda. Msimamizi wa stesheni akanifariji: Wajerumani walianza kutandaza reli hapa Tanga mwaka 1893, wakaingia Korogwe mwaka 1902. “Miaka tisa, katibu. Sisi hata tukifika magharibi tumewashinda.” Hiyo ndiyo ratiba anayopimia kila kitu, pamoja na marejesho ya mkopo wangu aliouchukua.

Lakini kilichonimaliza ni kadi. Niliwasimulia habari za safari ya Paris hadi Brest na kurudi, iliyoanza mwaka 1891 ikiwa mashindano, na ambayo siku hizi ni kilomita 1,200 ndani ya saa 90. Wapo wazee wa umri wetu wanaoimaliza. Kila mwendeshaji hubeba kadi, inagongwa muhuri kituo kwa kituo, na kila kituo kina saa ya kufunguliwa na saa ya kufungwa. Shabaha yangu ilikuwa ile saa ya kufungwa. Wenzangu walisikia muhuri.

Macho yaliwaka! Hawa ni watu walioishi na muhuri mezani miaka thelathini na kitu, kisha siku moja wakapewa saa ya ukutani na soda, wakaambiwa muhuri waache ofisini. Haikupita wiki, kadi yetu ilikuwa na nembo, kumbukumbu namba, nafasi ya saini ya msafiri, ya shahidi na ya mwidhinishaji. Bwana stoo alidai nakala tatu: moja ya msafiri, moja ya faili, ya tatu ya ukaguzi. Nikamuuliza nani atakuja kutukagua. Hakunijibu. Alinitazama kama mtu aliyepoteza pipa la dizeli.

Basi tulipofika Pongwe, hata jasho halijatutoka vizuri, tukasimama kwa muda ambao ungetufikisha Muheza. Foleni ya muhuri. Karani wa mahakama alikuwa amekalia jiwe, wino gotini, anaikataa kadi ya mwenzake anayemfahamu tangu utoto, kwa sababu jina la kwenye kadi halikulingana na la kwenye kitambulisho. Malori ya saruji yalipita yakipunguza mwendo, utingo wakitupungia mikono. Nadhani walidhani tunapiga kura.

Kuna na ile fomu ya afya. Niliitengeneza kwa nia njema: una maradhi gani, unatumia dawa gani, tumpigie nani simu. Ukizisoma fomu zile utasema ni timu ya vijana wa chini ya miaka ishirini. “Maradhi: hakuna.” Wote. Tulipoketi Muheza kula machungwa, vikatoka mifukoni vidonge vya kila rangi. Bahati yetu ni sista, yule muuguzi mkuu, ambaye ndiye mtu pekee wanayemwogopa. Alipita mmoja mmoja akiuliza nani amemeza dawa na tumbo tupu, na mkuu wa shule, aliyechapa nusu ya mji huu, akaficha kopo lake chini ya kofia. Kuchimba dawa sitaki hata kukuzungumzia. Ratiba ilitenga mara mbili. Tezi dume haisomi ratiba.

Baada ya Muheza barabara inaanza kupanda na kushuka. (Anayekwambia ni tambarare hadi Korogwe alipita kwa basi, tena amelala.) Nilikodi pikapu itufuate nyuma kwa ajili ya waliochoka. Katika klabu yetu hakuna anayechoka. Kuna ambao mnyororo umewakatikia. Ajabu ni kwamba minyororo hukatika vilimani tu, na yule uliyemkatikia hukaa mbele, eti anamzungumzisha dereva asisinzie. Karibu na kuingia Korogwe mnyororo unapona wenyewe, mzee anashushwa na Phoenix yake, anaingia mjini akipiga kengele. Halafu anatoa kadi agongewe.

Na mstari! Niliomba mambo mengi, lakini kwa hili nilisihi: tukae nyuma ya mwenzetu, mstari mmoja, barabara hii ina mabasi yasiyobembeleza. Sasa nani atamwambia mzee akae nyuma? Mkuu wa shule hafuati mtu. Bwana stoo hafuati mkuu wa shule. Wakaenda sambamba, wameziba njia, wanajadili kikokotoo. Nilipowasogelea kuwakumbusha, nikajibiwa kwamba mambo ya pensheni hayasemwi kwa kumpigia mtu kelele mgongoni.

Tulifika. Wali na samaki vilikuwa havijaletwa, wakaitisha kikao cha tathmini, nami, nikiwa na mikono inayotetemeka, nikaandika muhtasari. Ikaamuliwa kwamba Korogwe ni karibu mno kwa klabu ya hadhi yetu. Safari ijayo ni Lushoto. Nikawakumbusha kwamba Lushoto iko juu ya Mombo kwa karibu mita elfu moja, na barabara yake inapinda korongo hadi korongo. Nikaomba wanyooshe mikono wale watakaoupanda mlima ule kwa pedeli.

Kimya. Kisha bwana stoo akakohoa.

“Katibu, hayo ni ya utekelezaji. Sisi hapa tunapitisha.”

Wakapitisha.