Kidole Kimoja Hakifungui Nati

Jeep ya jeshi la Marekani iliundwa ili itumike vitani, itengenezwe matopeni, na ikishindikana iachwe hapo hapo. Kati ya 1941 na 1945, viwanda vya Willys-Overland na Ford vilitoa zaidi ya 600,000. Waliolibuni gari hili hawakuficha wasiwasi wao. Taa za mbele zilifungwa kwa bawaba ili zigeuzwe nyuma zimulike injini, maana ilijulikana mapema kwamba dereva atajikuta chini ya boneti usiku wa manane. Tangi la mafuta liliwekwa chini ya kiti chake, kwa hiyo kila linapojazwa sharti ainuke. Sakafu ina matundu yenye vizibo vya kutolea maji, kwa kuwa milango haipo. Waipa, kwenye magari mengi, zilisukumwa kwa mkono. Leo, miaka zaidi ya 80 baadaye, wapo watu Uingereza, Ufaransa na Marekani wanaomaliza Jumamosi zao na akiba zao kulirudisha gari hili katika taabu zake zote, na kuona fahari likivuja pale pale lilipovuja zamani.

Mkosi wa kwanza hutangulia ununuzi. Kwa miongo kadhaa baada ya vita, magazeti ya Marekani yalichapa matangazo madogo yaliyoahidi Jeep za jeshi kwa bei ya kutupa, na uvumi ukaenea kwamba kuna Jeep mpya ndani ya sanduku kwa dola 50. Sanduku lilikuwa la kweli: wakati wa vita Jeep nyingi zilipakiwa melini zikiwa zimefunguliwa na kufungwa kwenye masanduku ya mbao. Dola 50 ndizo zilizokuwa ndoto. Aliyejibu tangazo alipokea kijitabu cha kumweleza jinsi ya kuhudhuria minada ya serikali.

Mnunuzi wa leo hatumiwi kijitabu. Anatumiwa picha ya ubavu mmoja wa gari, ule ambao haujaoza. Akifika kulichukua huenda akagundua kwamba amenunua Hotchkiss M201, Jeep iliyoundwa Ufaransa kwa leseni baada ya vita. Mara nyingi zaidi amenunua mchanganyiko: bodi ya Ford, chesisi ya Willys, na injini iliyong'olewa kwenye Jeep ya kiraia. Muuzaji huliita gari hilo "la asili", na hadanganyi sana, kwani kila kipande kina asili yake.

Hatua inayofuata ni kulifungua, na hapo ndipo spana zinapomfundisha mtu adabu. Nati za Jeep ni za vipimo vya inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7, na spana namba 13 huivaa nati hiyo kwa namna ya kushawishi kabisa. Inazunguka kidogo, inakula kona zote, na kazi ya dakika moja inageuka kuwa ya tindo, grenda na maneno yasiyofaa mbele ya watoto. Aliyechagua lori la jeshi la Uingereza la zama hizo ana mtihani wa ziada. Nati nyingi za huko ni za Whitworth, ambako namba iliyochorwa kwenye spana inataja unene wa bolti, si upana wa nati. Spana ya nusu inchi ya Mwingereza na ya nusu inchi ya Mmarekani hazifanani hata kidogo. Gereji ya mtu huyu itahitaji seti tatu za spana, na ile inayotakiwa leo ndiyo aliyoiazima jirani mwaka jana.

Zipo nati zisizotaniwa. Jeep nyingi za vita zina rimu za vipande viwili vilivyobanwa pamoja kwa nati. Anayezifungua tairi likiwa bado na upepo anaweza kuuawa na kipande kinachoruka. Hilo ndilo jambo la kwanza mkongwe analomwambia mgeni wa kazi hii, na halisemi kwa kucheka.

Umeme nao una vituko vyake. Mfumo wa Jeep ni wa volti 6, na upande wa hasi wa betri umefungwa kwenye chesisi, ambayo ndiyo njia ya kurudishia umeme. Mtu mwangalifu hukwangua kutu, hupiga rangi kila mahali, hata pasipoonekana, kisha hufunga waya juu ya rangi hiyo mpya inayong'aa. Stata haigutuki. Ananunua betri nyingine. Ananunua stata. Mwisho anaitwa mzee mmoja mwenye Jeep tatu, ambaye anatoa kipande cha msasa mfukoni, anakwangua rangi sehemu ndogo tu pale waya unapogusa chesisi, na gari linanguruma. Malipo yake ni chai na haki ya kukisimulia kisa hicho popote anapotaka.

Wazee wa aina hiyo ndio nguzo ya kazi yote. Uingereza walijikusanya katika chama mwaka 1968, kinachojulikana sasa kama Military Vehicle Trust; wenzao wa Marekani walianzisha Military Vehicle Preservation Association mwaka 1976. Wana ukali wao. Ford walipiga herufi F kwenye vipande vyao, hadi kwenye vichwa vya bolti, na hakuna maonyesho yanayopita bila mtu mmoja kulala kifudifudi chini ya gari la mwenzake na kuibuka na habari kwamba bolti ya tatu ni ya Willys. Kuhusu rangi hawajaafikiana mpaka leo, kwani kijani kile hakikuwa kimoja vita nzima, na kilichosalia kimechujuka kwa jua.

Lakini huyo aliyeiona bolti ya Willys ndiye atakayetuma ya Ford kwa posta, imefungwa kwenye gazeti, na akaikataa pesa. Sababu yake si ukarimu mtupu. Vipuri vingi vya asili vilishakoma kuundwa, na maarifa mengi yamo vichwani mwa watu ambao nao wana umri. Mmoja ana gia boksi mbili na hana kabureta. Mwingine ana kabureta nne na mgongo unaouma. Injini haiinuliwi na mtu mmoja. Kila anayesaidia leo anajua kwamba kesho yeye ndiye atakayekwama.

Gari likishawaka, linabaki suala la barabara. Huko Uingereza, gari lililopita miaka 40 na halijabadilishwa sana halilazimiki kufanyiwa ukaguzi wa kila mwaka. Serikali ikijitoa, wenzake mwenye gari hushika zamu, na wao hawasamehi kitu.

Kisha huja msafara. Mfano wao mkubwa ni ule wa jeshi la Marekani wa mwaka 1919, uliotoka Washington hadi San Francisco kwa siku 62, kwa mwendo wa wastani wa kilomita zisizofika 10 kwa saa. Madaraja ya mbao yalivunjika, malori yalizama matopeni, na luteni kanali kijana aitwaye Dwight Eisenhower alikuwepo akiandika ripoti. Mwaka 2009 wapenzi wa magari ya jeshi waliifuata tena safari hiyo. Katika misafara ya namna hii, gari bovu kuliko yote ndilo linalopanga mwendo, na gari la mwisho hubeba jeki, minyororo na vipuri. Mwenye gari la mwisho ndiye pekee asiye na wa kumvuta nyuma yake, kwa hiyo gari lake hukaguliwa kwanza.