Muulize Shangazi: Nimpe Kitabu Gani?

Wiki hii barua za vikoba na za waume waliohama vyumba nimeziweka kando. Zimenijia nyingi za watu waliogombana kwa sababu ya vitabu, na mmoja wao ana hali mbaya. Tuanze na yeye.

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Mwanza, nimechumbia binti wa watu. Siku ya kujitambulisha nilitaka nionekane msomi, nikampelekea baba mkwe riwaya niipendayo kuliko zote, Rosa Mistika. Ni mzee wa kanisa, mkali, ana mabinti wanne. Tangu siku hiyo mshenga wangu akipiga simu haipokelewi. Nimekosea wapi? – Mkwe Mtarajiwa."

Marahaba, mwanangu. Unauliza kweli au unanitania? Umempelekea baba wa mabinti wanne kisa cha Zakaria, mlevi wa Ukerewe anayempiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana, kisha ukakaa kusubiri akupangie mahari! Euphrase Kezilahabi alipokitoa kitabu hicho mwaka 1971 kilipigwa marufuku shuleni, na ilichukua muda hadi kikarudi madarasani. Kama serikali yenye polisi na magereza ilikiogopa, mzee mwenye bakora moja angefanyaje?

Kitabu ni kizuri, hapo sikupingi. Mwandishi alikuwa hajafika miaka 30, na mpaka leo sijaona aliyeonyesha vizuri kuliko yeye jinsi binti aliyelelewa kwa kufungiwa anavyoingia duniani bila kujua mlango uko wapi. Lakini sema ukweli: ulimpa mzee kile ulichotaka yeye akuone nacho. Watu wengi tukisifia kitabu tunajisifia wenyewe, na anayepewa hulijua hilo kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Mkweo aliona mgeni kaja kumsema nyumbani kwake, tena kwa maandishi. Ungemchukulia Utubora Mkulima cha Shaaban Robert, habari za mtu anayeacha kazi nzuri mjini akashika jembe, angesoma huku anatikisa kichwa kwa kuridhika. Angekuuliza na wewe una heka ngapi, lakini hilo ni tatizo jingine.

Sasa mtume mshenga kwa miguu, na sukari, na kitenge cha mama. Usitume kitabu cha pili kufafanua cha kwanza. Na ukiona Rosa hajarudishwa, ujue nyumba ile kuna mtu anamsoma, na sidhani kama ni mzee.

Huyu wa pili ni mhasibu wa Nairobi. Anasema rafiki zake wa Dar wanamsifia riwaya za Kiswahili, ila kila akifungua moja anasikia sauti ikimwambia, "Eleza muktadha wa dondoo hili, alama 4," na jasho linamtoka.

Pole sana, mwanangu, mko wengi. Shule iliwalisha riwaya kama dozi ya malaria, ndiyo maana mkiona jalada tu mnasikia uchungu mdomoni. Rudi kwa kitabu kilekile kilichokuumiza. Kama ni Siku Njema ya Ken Walibora, kichukue tena na usitafute maudhui wala tamathali. Kuna kijana katoka Tanga anamtafuta babake hadi Kitale. Panda naye gari mkaone atafika au hatafika. Mhusika ukimchukia, mchukie bure, bila hoja tano na mifano. Ukikifikia katikati ukachoka, kifunge. Hakuna atakayekunyima cheti.

Kijana wa Dodoma unayemsukumia kila mtu riwaya ya Nagona, hadi fundi wako wa pikipiki, halafu unalalamika kwamba watu hawasomi: acha. Wembamba wa kile kitabu unadanganya. Ni cha mtu aliyekwisha kusoma riwaya za kawaida zikamkinai, akataka kitu cha kumpoteza njia. Fundi wako mpe Kuli ya Adam Shafi, makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948. Habari za kazi nzito na ujira mdogo atakufundisha yeye.

"Shangazi, mume wangu hasomi chochote ila mkeka wa mechi za kubeti. Nimemnunulia vitabu vya maendeleo ya mtu binafsi, anafunikia chai. – Nimechoka, Morogoro."

Na mimi ningefunikia chai. Ukimpa mtu kitabu cha kujirekebisha umeshamwambia kaharibika. Mwanamume anayeweza kusubiri mechi kumi na tatu, na ya mwisho hadi dakika ya 90, ana subira kuliko sisi wote. Anachotaka ni kujua mwisho. Tafuta Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, cha mwaka 1960, maiti imekutwa mzimuni na Bwana Msa na kiko chake wanaulizauliza. Usimpe. Kisome wewe, kitandani, taa ikiwaka, na kila baada ya kurasa kadhaa guna, "Kumbe!" Akiuliza kuna nini, mwambie hakuna kitu. Asubuhi kiache mezani, kando ya rimoti. Akimaliza, mtafutie vitabu vya Willy Gamba vya Elvis Musiba, na hapo andaa fedha, maana atataka vyote.

Wa mwisho ni mama wa Tanga aliyemwazima jirani yake kitabu cha Vuta n'kuvute. Mwaka umepita, na alipokidai akajibiwa kwamba haina haja, jirani amekwisha kuona filamu.

Filamu ya Amil Shivji ya 2021 ni nzuri, ila haiondoi deni. Yasmin na Denge wa kitabuni ni wako, uliwanunua kwa fedha yako. Lakini dada yangu, usiende kugombana. Nenda na kashata, ongeeni vizuri, msifie watoto, kisha mwombe akuazime blenda. Akija kuidai, mkaribishe ndani, mpe chai, mwambie bado uko sura ya tatu.