Hongera, Mwalimu, kwa Vyumba Vinane

Wanaomshauri jirani yangu wa hapa Mumbuni, mwalimu mstaafu, ahamie nyumba ndogo wana wivu tu. Serikali ilimpumzisha alipotimiza miaka 60, akapokea kiinua mgongo, akakimaliza kiume: nyumba ya ghorofa, vyumba vinane vya kulala. Yeye na mama watoto wanalala kimoja, tena cha chini, karibu na jiko, maana magoti yao hayaelewani na ngazi. Vile saba vina kazi. Kimoja ni cha kifungua mimba aliyeko Qatar. Kingine ni cha binti wa Syokimau, ambaye kila Krismasi hufika saa saba, akala mbuzi, akaondoka saa kumi kabla magari hayajasongamana Mlolongo. Vilivyobaki vina popo, wapangaji watulivu ajabu. Hawaombi maji, na kwa Machakos hiyo si sifa ndogo.

Kila Jumamosi mzee hupanda polepole, ameshika ukuta, bunda la funguo mkononi, akafungue madirisha ili vyumba vipumue. Zoezi zuri la moyo, na la bure.

Waingereza wenyewe walikosa uvumilivu: reli ilipopita kando, mwaka 1899 wakayahamisha makao yao kutoka hapa Machakos hadi Nairobi. Mwalimu hahami. Juzi binti alipothubutu kutaja nyumba ya vyumba viwili, palepale uani, mzee alimwuliza, “Na wageni wa mazishi yangu watalala wapi?”

Fundi anakuja Jumatatu. Anaongeza roshani.