Papi ya Mlango na Heshima ya Mkwe

Mbao za nyumba zina daraja zao, na daraja hizo hazitolewi kwa kazi bali kwa mahali. Mlango wa nje wa nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja, tusiseme ile milango mikubwa ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, huchongwa maua na minyororo, hutiwa vinundu vya shaba, na hata mfaa wake, ule mti wa katikati unaofunika upenyo baina ya mbao mbili, hupambwa toka juu hadi chini mpaka wageni wakasimama juani kuutazama. Lakini pita ukumbini, uingie ndani, ukautazame mlango wa chumba cha kulala: ndani ya miimo yake miwili, na chini ya kizingiti cha juu, utaona papi, yaani fito nyembamba za mbao, upana wake vidole viwili na unene wake kasoro ya kidole, zilizopigiliwa misumari ili mlango ukifungwa uzifikie na kutua. Hakuna mgeni aliyewahi kuzisifu. Nami nasema, baada ya yaliyotufika nyumbani kwetu, kwamba staha ya nyumba huzitegemea hizo zaidi ya inavyoutegemea mlango wa njiani na nakshi zake zote.

Kazi ya papi ni kuuambia mlango, "Hapa basi." Mlango usioambiwa hivyo hupitiliza upande wa pili, ukazipindua bawaba na kuzing'oa skrubu zake, na kusi ikivuma ikausukuma kwa ghadhabu, papi ndiyo ipokeayo kipigo. Kadhalika papi huziba ule mwanya wa pembeni upitishao nuru ya taa, harufu ya vitunguu na mazungumzo ya mume na mke, ambayo katika vitu hivyo vitatu ndiyo yasafiriyo mbali zaidi. Milango yetu ya ndani haikuwa na papi tangu tuhamie, na majirani walikuwa wakitupa rai juu ya mambo ambayo hatujawahi kuwahadithia.

Tulipoazimia kulikomesha jambo hili, kuchagua mti kulizua baraza. Fundi alipendekeza paini, kwa kuwa ni nyepesi, hupokea rangi vizuri na bei yake haimtishi mtu, ila hubonyea hata kwa ukucha. Jirani mmoja akaapa kwamba pasipo mvule hapana papi, maana mchwa huuchukia. Fundi akamjibu kwa upole kwamba mvule huficha vijiwe ndani ya nyama yake, na kwamba randa yake hakuinunua kwa ajili ya kupasulia mawe. Mke wangu alitaka mkangazi kwa wekundu wake. Hoja zikaendelea hivyo, kila mwenye mti akiutetea mti wake, hata alipotokea mjomba, ambaye ujana wake wote aliula katika kuunda majahazi, amejitwika mafungu ya mabaki ya msaji.

"Msaji haupindi, hauozi, wala hauna bei," akasema, "kwa kuwa huu ni wangu."

Fundi alijua, na alinong'ona, kwamba msaji una mafuta yake ya asili, na vanishi juu yake hukawia kukauka isipokuwa mbao zipanguswe kwanza kwa spiriti. Lakini kupangusa msaji wa mjomba mbele ya mjomba kungalikuwa ni kuutuhumu uchafu, na hakuna aliyekuwa tayari kuuleta msamiati huo katika ukoo. Spiriti ikabaki dukani.

Asiyejua hudhani papi hupimwa kwa timazi. Hasha! Timazi ni ya miimo; papi hupimwa kwa mlango wenyewe. Mlango huning'inizwa kwanza katika bawaba zake, ukafungwa mpaka ulimi wa kitasa ukazama tunduni, ndipo papi ikasogezwa hata iukaribie kwa adabu, kuanzia upande wa kitasa, kisha juu, na mwisho upande wa bawaba, ambako sharti nafasi izidi kidogo, kwani masika mbao huvimba, na rangi nayo ina unene wake. Kwa hivyo mlango uliopinda hupewa papi iliyopinda vivyo hivyo, wakapatana, na jicho la mpitaji lisitambue kwamba nyumba nzima imeinama. Misumari nayo hupigwa nusu nusu, vichwa vikiwa nje, mlango ukajaribiwa, na ndipo ikazamishwa.

Nafasi hiyo baina ya papi na mlango fundi wetu huipima kwa karata moja, na siku ile karata hakuwa nayo. Akatoka mpaka barazani, walikokuwa wazee wa mtaa wakicheza, akawaomba ree ya shupaza kwa muda mfupi tu. Aliyekuwa ameishika aliitoa kwa uchungu. Waliobaki wakaona mara moja kwamba kumsaidia fundi ni thawabu. Na madhali mchezo hauendi kwa karata pungufu, wote waliifuata karata yao mpaka chumbani, wakapanga safu mbele ya mlango. Mmoja akasema papi imelala upande. Wa pili akasema papi haikulala, iliyolala ni nyumba. Wa tatu akauliza kama chai iko karibu.

Ikaja zamu ya umaliziaji. Kingo zilivunjwa makali kwa randa, zikapigwa msasa kufuata nyuzi za mti, huku mjomba akitukumbusha zama ambazo msasa ulikuwa ni jani la mti lenye kukwaruza, wala si karatasi ya dukani. Matundu ya misumari yalizibwa kwa unga wa msumeno wa msaji ule ule uliokorogwa na gundi, ili rangi zisigombane. Kisha vanishi, mkono wa kwanza, msasa laini, mkono wa pili. Fundi akairudisha ree ya shupaza mahali pake ahakikishe kuwa vanishi haikuila nafasi, akagusa kwa kidole, akatangaza kuwa imekauka. Nje mvua ya masika ilikuwa ikinyesha, na hewa yote ilikuwa majimaji.

Laasiri ile akawasili kwa meli mama mkwe wangu, kutoka Wete, Pemba. Akapewa chumba chenye papi mpya, na kwa kuwa ni mtu wa staha, akaufunga mlango sawasawa. Mke wangu alikwenda sokoni. Ilipokaribia magharibi nikasikia jambo ambalo sijapata kulisikia maishani: mtu akibisha hodi kutoka ndani.

"Hodi!"

"Karibu, mama," nikajibu, maana hodi haina jibu jingine.

"Ahsante, mwanangu. Mimi nakaribia, lakini mlango haukaribii."

Mlango ule ulikuwa umegandana na papi zake zote tatu. Dawa yake ilikuwa ni kuusukuma kwa bega; lakini ni mkwe gani atakayeupiga bega mlango ambao nyuma yake yuko mama mkwe, tena mtandio hajaupata? Tukazungumza pale pale, mlango ukiwa baina yetu, tukaulizana hali za wagonjwa wote wa Pemba na Unguja, kwa utulivu mkubwa, mpaka fundi akaletwa. Na nyuma yake safu ya wazee wa barazani, waliodai kwamba wamekuja kwa ajili ya karata. Fundi akatia ncha ya kisu baina ya papi na mlango, akaipitisha pole pole pande tatu, akasema Bismillahi, mlango ukaachia. Ree ya shupaza ikaanguka, imekwishapakwa vanishi upande mmoja, na tangu siku ile kila anayeishika barazani hujulikana kwa mng'ao wake.

Mama mkwe akatoka, akapokea shikamoo zetu, kisha akapitisha kidole juu ya papi, toka kizingitini hadi chini.

"Fundi ni nani?"

Fundi akajificha nyuma ya wazee.

"Mlango wa chumba changu haujafunga tangu niolewe," akasema. "Kesho kutwa utafuatana nami."

Fundi akaenda Pemba na randa yake, na habari zitufikiazo ni kwamba amemaliza milango na sasa anashughulikia madirisha. Papi za mlango wa pili bado zimeegemea ukutani, ilhali ujira wake nilikwisha kuulipa. Lakini kumdai fundi aliye katika hifadhi ya mkwe ni kumdai mkwe mwenyewe, na katika mila zetu ni nafuu mtu alale mlango wazi.