Mgrevilea Bado Hajapewa Namba

Melbourne, katikati ya Julai, baridi imekolea

Baba Mdogo,

  Sisi huku hatujambo, isipokuwa vidole vyangu vya miguu, ambavyo tangu Juni iingie sina habari zao. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho, pamoja na jogoo, pamoja na yule mtu aliyekuwa akidai chenji yake, na swali nimelielewa: kijana wetu Mgrevilea anacheza namba ngapi? Nasikia mmebishana kwenye kilabu cha mbege hapo Marangu hadi jua likazama, wewe ukashikilia tisa, fundi cherehani akashikilia tano, na sasa kuna kreti ya soda imewekwa rehani inasubiri jibu langu. Basi waite wote, Bibi asogezwe karibu, barua isomwe kwa sauti.

Kwanza tumalize habari ya picha niliyowatumia. Lile koti jeupe nililovaa si la hospitali. Najua Bibi ameshatoa sadaka ya shukrani kanisani, na mimi nimeshatumiwa kwenye simu presha mbili, goti moja, na picha ya jipu ambayo sikuiomba. Koti lile ni la mwamuzi wa goli. Katika mechi za watoto huku, kazi hiyo hupewa mzazi yeyote asiye na ujanja wa kujificha. Unavalishwa koti, unapewa bendera mbili, unasimamishwa nyuma ya milingoti mvua ikunyeshee. Kila upande kuna milingoti minne: miwili mirefu katikati, miwili mifupi pembeni. Mpira ukipigwa ukapita kati ya ile mirefu, unapunga bendera zote mbili, pointi sita. Ukipita kati ya mrefu na mfupi, unapunga moja, pointi moja. Ndiyo, Baba Mdogo, umenisikia sawa: mtu amekosa goli na bado anapewa pointi. Kwa sheria hii, nawajua mastraika kadhaa wa Ligi Kuu ambao wangejengewa sanamu.

Mchezo wenyewe unaitwa futiboli ya Australia, na Wazungu wa Melbourne waliuandikia sheria mwaka 1859, kabla hata watu wa Uingereza hawajaunda chama chao cha soka. Uwanja una umbo la yai na mpira una umbo la yai, hivyo ukidunda hujui unaelekea Rombo au unarudi Himo. Kila timu ina watu 18 uwanjani. Unaruhusiwa kupiga teke, kudaka, na kukimbia na mpira mkononi, ila kila mita 15 ni lazima uudundishe chini. Kumpa mwenzako kwa mkono, unaushika kwa kiganja kimoja na kuupiga kwa ngumi ya mkono wa pili. Ukiurusha, umefanya kosa. Na hakuna kuotea.

Hilo la mwisho ndilo linalovuruga hesabu zenu zote za kilabuni. Pasipo kuotea, beki anaweza kujikuta anafunga goli, na straika anaweza kujikuta amelala kifudifudi mbele ya goli lake mwenyewe. Namba ya mgongoni haina maana yoyote. Mgrevilea anavaa 37 kwa sababu ndiyo jezi pekee iliyomfika kiunoni. Kwenye karatasi kuna mistari mitano ya watu watatu watatu, kutoka goli hadi goli, halafu kuna wengine watatu wanaoufuata mpira popote uendako, na mmojawapo ni yule mrefu wa kuruka pale mpira unaporushwa juu kuanzisha mchezo. Kwenye ligi kubwa, tangu 2019 kuna sheria kwamba mpira ukianzishwa katikati lazima kila timu iwe na watu sita mbele, sita kati na sita nyuma. Baada ya sekunde kumi hata wale sita wa nyuma hawajulikani walipo.

Sasa nije kwenye namba ya kijana. Kocha wao ni fundi bomba, halipwi hata senti, na ana ubao mweupe wenye sumaku zilizoandikwa majina ya watoto. Mechi ina robo nne. Kila robo ikiisha, watoto wanamzunguka, wanagawiwa vipande vya machungwa, naye anahamisha sumaku. Mechi iliyopita Mgrevilea alianza beki, robo ya pili akawa winga, ya tatu akapelekwa mbele kabisa, ya nne akaenda kuruka katikati, akarukiwa yeye. Mimi nyuma ya goli na bendera zangu nimeshindwa kumtambua mwanangu, maana kila nikimtafuta mahali nilipomwacha, hayupo.

Nikamfuata kocha. Nikamweleza kwa heshima kwamba kuna ukoo mzima mlimani unasubiri jibu, na soda zinachacha. Akacheka, akanipa shule ya bure. Kijana wa miaka kumi na minne, alisema, urefu wake haujatoa taarifa yoyote. Inawezekana ametangulia tu. Huyo ndiye kila mtu anataka amtupe kwenye kuruka katikati, kwa sababu wenzake ni wafupi na mipira yote ataipata. Miaka mitatu baadaye wenzake wamemfikia mabegani, na yeye hajui kuokota mpira wa chini, hajui kupiga teke akiwa anakimbia, kwa kuwa hakuwahi kulazimika. Hivyo yeye warefu anawarudisha nyuma kwanza. Beki anauona mpira ukija usoni, anajifunza kusoma utakapoangukia. Winga anajifunza kukimbia na kurudi, hasa kurudi, ambako ndiko watoto wengi wanakusahau. Mbele anajifunza kukosa mbele ya watu. Na warefu ndio wanaochelewa kuiva kuliko wote. Wapo wanaofika miaka ishirini na kitu ndipo mwili na akili vinaanza kusalimiana.

Nilipomsikiliza nilikukumbuka wewe, Baba Mdogo. Wewe hakuna aliyekuajiri guide. Ulianza na ugumu, mzigo wa wageni kichwani, kutoka geti la Marangu mpaka Mandara, mpaka Horombo, unakohoa. Ukaingizwa jikoni. Ukawa msaidizi wa guide. Ndipo siku moja ukakabidhiwa wageni wako mwenyewe uwafikishe Kibo. Na wewe ndiye uliyetusimulia habari za yule bonge la mtu wa Old Moshi, kifua kama mlango, ambaye kampuni ilimpenda kwa macho, akashushwa kwa machela kutoka Horombo, na aliyemshusha alikuwa yule mfupi aliyekuwa akichekwa getini. Hata Mzee Yohani Kinyala Lauwo, yule wa hapo hapo Marangu anayesemekana kumwongoza Hans Meyer mwaka 1889, si mnasimulia kwamba alifikishwa mbele ya Mangi kwa kukwepa kazi ya barabara? Akapewa kuongoza Wazungu mlimani. Mkwepa barabara akawa mjua njia. Kocha gani angemwona huyo kwenye majaribio?

Lakini ninyi hao hao mliokaa mlimani mkaona yote haya, watoto wenu mnawapanga namba wakiwa tumboni. Kifungua mimba apewe kipande chake cha shamba. Kitinda mimba arithi nyumba na kihamba cha wazazi, migomba yote na ng'ombe ndani. Wa katikati? Wa katikati anaambiwa, "Wewe ni mwanaume, tafuta." Ndiyo maana nusu ya Kariakoo ni watoto wa katikati wa Kilimanjaro, na ndiyo maana mimi nimesimama kwenye matope ya Melbourne nikiwa na bendera. Sina kinyongo. Nasema tu kwamba kaka yangu mdogo, aliyepewa kihamba, anaogopa ng'ombe, na mimi ninayewapenda ng'ombe naishi ghorofa ya tatu.

Mnataka mifano, najua, maana fundi cherehani hakubali kitu kisicho na ushahidi. Yupo Majak Daw, aliyezaliwa Khartoum mwaka 1991, akapitia Misri na familia yake, akafika Melbourne mwaka 2003 bila kuujua mchezo huu kabisa. Mwaka 2013 alikuwa Msudani wa kwanza kucheza ligi kuu, AFL, na timu ya North Melbourne. Mrefu, anaruka mpaka unaogopa, kwa hiyo wakamweka mbele afunge. Siku moja anafunga magoli sita, halafu wiki zinapita hayupo kikosini. Mwaka 2018 wakamrudisha nyuma awe beki, na watu wakaanza kuulizana huyu mtu alikuwa amefichwa wapi. Alikuwa mbele, wazee wangu, mbele ya macho yao.

Na yupo mwingine ambaye ni wa kwetu zaidi, Aliir Aliir. Wazazi ni wa Sudan Kusini, yeye kazaliwa mwaka 1994 katika kambi ya Kakuma, kule Turkana nchini Kenya. Sydney Swans walimchukua mwaka 2013, wakamchezesha mara ya kwanza 2016. Akaingia, akatoka, mara beki, mara asaidie kuruka katikati. Mwisho wa 2020 akahamia Port Adelaide, wakamwambia kaa nyuma, mpira wowote wa adui unaokuja juu ni wako. Mwaka uliofuata, 2021, alitajwa kwenye kikosi cha msimu cha wachezaji bora wa nchi nzima, beki wa kati. Miaka minane tangu achaguliwe! Kwenye mbege hapo angekuwa ameshaitwa mhenga.

Kwa hiyo Shangazi asianze kugawa hela ambazo hazijapatikana. Nimesikia ameshachora ramani ya nyumba. Huku hakuna kusajiliwa kwa kuongea na baba. Kila Novemba klabu 18 zinakaa na kuchagua vijana waliofikia umri, kwa zamu, iliyoburuta mkia inatangulia kuchagua, na kijana hana sauti. Anaweza kulala Melbourne akaamka wa Perth, na kutoka Melbourne hadi Perth ni mwendo wa kutoka Moshi hadi Johannesburg. Kabla ya hapo wanampima mbio za mita 20, kuruka juu, na kilomita mbili. Hapo kwenye kilomita mbili nina matumaini kidogo, kwa sababu ya damu. Mwanzoni mwa msimu nilimpeleka kijana uwanja mkubwa, MCG, ule unaoingiza watu laki moja, nikamwonyesha ndani na kumwambia: hapa, mwaka 2006, Michezo ya Jumuiya ya Madola, Samson Ramadhani wa Tanzania alichukua dhahabu ya marathoni. Akaniuliza alikuwa anacheza nafasi gani. Nikamwambia mbele.

Lililobaki ni la Bibi. Bibi, ni kweli, mechi za watoto ziko Jumapili asubuhi. Nimeongea na Mungu na nimeongea na chama cha mpira, na aliyejibu ni mmoja tu. Tunasali misa ya jioni Jumamosi, ambapo padre ni Mwairishi mzee anayependa timu ya Carlton kuliko inavyoruhusiwa. Halafu Bibi usihofu kuhusu jina. Watoto wa huku wanamwita Mgrevilea bila shida, kwani migrevilea, ile miti mirefu ya kihambani mnayochania mbao, asili yake ni mashariki mwa Australia. Mtoto amepewa jina la huku akiwa huko, akaletwa huku nalo.

Basi soda. Kwa mujibu wa kocha, hakuna aliyeshinda. Kreti inywewe na wote, fundi cherehani anywe ya mwisho kwa sababu ya kelele. Wewe Baba Mdogo usikasirike kwamba sijatoa namba. Ulinifanya nisubiri miaka kumi na miwili kabla hujaniruhusu kushika panga la migomba.

Desemba tunakuja, Mungu akipenda, pamoja na Wachaga wengine wote na foleni yao ya Segera. Msimu wa huku utakuwa umekwisha na kocha ametoa kazi ya likizo: mikono tu, kijana adake mipira ya kila aina kila siku. Viatu vya njumu tutamtafutia soko la Memorial, maana bei ya huku ni ya kulia. Kwa hiyo ile mechi ya tarehe 26 dhidi ya kijiji cha juu, namwombea nafasi ya golikipa. Ila mzungumze na refa mapema. Mpira ukimfika mikononi huyu hataupiga mbele. Atatoka nao golini akikimbia, ataudundisha kila baada ya mita 15, atawapita mabeki wake na viungo wao, na akifika kwenye goli la kule atataka kuupiga teke upite juu ya mwamba. Refa akimwonyesha kadi, kijana atauliza ni ya pointi ngapi.



Mwanao wa katikati